Kibandiko Alichokichana Hamdia

Hamdia Sahal wa Wabera ni mwoga, na hafichi. Anaogopa mbwa, anaogopa bodaboda, na kuliko vyote anaogopa kusemwa. Sisi majirani tulimtania sana alipopata kazi ya vibandiko katika hospitali moja ndogo ya mjini. Tulidhani vibandiko havina la kutisha.

Mgonjwa akitolewa damu, Hamdia humchapia kibandiko cha chupa: jina la kusomwa na watu, na chini yake msimbopau, ile mistari myeusi inayosomwa na mashine ya maabara. Printa haina akili. Hufuata amri inazoandikiwa: jina likae wapi, mistari iwe minene kiasi gani. Jumanne moja, kwa kuwa kompyuta ilikuwa ikichelewa kuipa nambari za mistari, ambazo hufuata foleni ya wagonjwa, Hamdia aliiongezea amri ijihesabie yenyewe, kila kibandiko kiongeze moja. Akajiona hodari.

Kibandiko cha tatu, cha kijana Lobokat, kilitoka kimepinda. Akakichana, akachapa kingine, akaendelea.

Saa tano Lobokat akaja dirishani.

"Dada, mbona wenye walikuwa nyuma yangu wamepewa majibu, mimi bado?"

Hamdia aliitafuta chupa yake, akaisomesha kwenye mashine. Jina kwenye kibandiko lilikuwa Lobokat. Jina kwenye skrini lilikuwa Esekon, mzee aliyekuwa wa nne. Printa ilikuwa imekihesabu hata kile alichokichana, na tangu hapo kila mtu alikuwa amebandikwa mistari ya mtu wa nyuma yake.

Wa tano alikuwa Kabale wa Biliqo. Alikuwa amejifungua alfajiri na damu ilikuwa haikatiki. Muuguzi Ntongai alikuwa ameshapita na mfuko wa damu ya kumwongezea.

Hamdia mwenyewe amekiri kwangu kwamba hakukimbia mara moja. Alisimama, akaifikiria kazi yake ya wiki tatu, akafikiria watakavyomsema. Halafu akakimbia wodini, viatu vikabaki njiani.

"Ntongai, usimwekee! Hiyo ni damu ya grupu ya Esekon!"

"Unasema nini wewe?"

"Nimekosea mimi. Mistari yote imekosea."

Sindano ilikuwa tayari mkononi mwa Ntongai. Aliiweka chini. Khadra wa maabara alimtoa Kabale damu nyingine, akaipima kwa mkono pamoja na ile ya chupa ya Esekon, huku Hamdia ameegemea ukuta. Esekon alikuwa grupu B. Kabale alikuwa O. Mfuko ule ungemuua.

Kabale alipowekewa damu yake halali, mama yake, Dokata, alimshika Hamdia mkono.

"Rabi akulipe, binti yangu. Umeniokolea mtoto."

"Mama, ni mimi nilikosea."

"Nimesikia." Hakumwachia mkono. "Na wale wengine? Wamebeba majibu ya nani?"

Hamdia aligeuka kutazama benchi. Lobokat peke yake ndiye aliyekuwa amekaa pale, akingoja majibu ambayo mwenzake alikuwa ameshapewa. Khadra aliichukua chupa yake, akaipima, akasema kijana huyu ana sukari nyingi mno.

Basi mzee Esekon, asiye na sukari, alikuwa kwenye gari la kwenda Kinna na dawa za kuishusha mfukoni, dawa ambazo zingeweza kumzimisha, ameambiwa ameze ya kwanza akishakula mchana. Hamdia akampigia. Simu iliita mpaka ikakatika. Akapiga tena.