Karatasi Niliyobandika Juu ya Ruta

Masika ile nilikuwa na kazi mbili. Alfajiri niliandika riwaya ambayo hakuna mtu aliyeniomba, na kuanzia saa mbili asubuhi nilikaa katika ofisi ya chumba kimoja hapa Lushoto, nikitunza mtandao wa zahanati zilizotawanyika milimani. Kila zahanati ilikuwa na ruta, kisanduku kidogo kuliko mkate, chenye taa za kijani, kinachopokea mtandao kutoka mnara ulio kilimani.

Zahanati ya mbali zaidi iko bondeni, upande wa kushukia Magoma. Simu za kawaida hazishiki kule. Anayetaka kupiga hupanda hadi jiwe kubwa lililo juu ya migomba, mwendo wa robo saa. Bila ruta ile, zahanati nzima ilikuwa bubu.

Mhudumu wa pale, mama wa makamo aliyeshika funguo zote, alifanya kile ambacho mama zetu wote hufanya. Radi ikinguruma alifunika kioo kwa kanga, akazima redio, akachomoa kila kilichochomekwa ukutani, pamoja na ruta yangu. Kila mvua ilininyima zahanati. Mwishowe nilikwenda na kalamu nyekundu, nikabandika karatasi juu ya ruta: USICHOMOE, HATA RADI IKIPIGA.

Aliisoma taratibu, mikono kiunoni.

"Haya, fundi. Mimi nikiungua, utakuja wewe kunifunika kanga."

"Hutaungua, mama."

"Umeongea nayo hiyo radi?"

Tulicheka. Tangu siku hiyo hakuchomoa tena, nami nilijiona mshindi.

Kisha tukaagizwa kubadili anwani za ruta zote. Anwani ni namba ambayo ruta huiitikia. Ukiibadili vibaya ukiwa mbali, ruta inaendelea kuwaka kule iliko, lakini haikusikii tena. Fundi mkuu, mzee mpole aliyenifundisha kazi, alikuwa na utaratibu wake. Weka anwani mpya kando ya ile ya zamani. Ingia kwa mpya, uhakikishe. Ndipo uondoe ya zamani. Na kabla hujagusa chochote, iamuru ruta ijiwashe upya baada ya dakika kumi. Ikijiwasha, itasahau kila ambacho hujahifadhi, nawe utarudi ulikokuwa. Ukishafanikiwa, unaifuta amri hiyo.

Kufikia saa nane mchana nilikuwa nimemaliza ruta saba. Ya nane ilikuwa ile ya bondeni. Niliweka anwani mpya, nikaingia kwayo vizuri. Nikaondoa ya zamani.

Skrini ikaganda.

Nilielewa papo hapo. Majibu ya ruta yalikuwa bado yanapita njia iliyoegemea anwani ya zamani. Nilikuwa nimeing'oa njia hiyo kwa mkono wangu.

"Uliweka zile dakika kumi?" fundi mkuu aliuliza, bila kupandisha sauti.

Kwa zile saba nilikumbuka. Kwa hii ya nane niliona vidole vyangu tu, vikienda vyenyewe kwa mazoea.

"Nadhani niliweka."

"Unadhani."

Simu ya mezani ikalia. Alikuwa daktari wa hospitali ya hapa Lushoto. "Zahanati ya bondeni mbona kimya? Nina mjamzito kule, presha imepanda. Nangoja vipimo vya saa tisa niamue kama abebwe aletwe."

Barabara ya kule ilikuwa imekatwa na maporomoko siku mbili kabla. Nilimwambia tunashughulikia. Nilipoweka simu chini, nilianza kuhesabu dakika.

Dakika kumi zikapita. Kumi na mbili. Kumi na tano. Sikuwa nimeweka. Nilipiga simu ya muuguzi wa zahanati ile, kisha ya mhudumu, zote hazikupatikana. Ilitosha mtu mmoja kule bondeni achomoe waya na kuuchomeka tena, ruta ijiwashe upya. Mtu pekee ambaye angefanya hivyo bila kuambiwa nilikuwa nimemkataza kwa wino mwekundu.

Ukungu ulishuka hadi dirishani. Mbali, upande wa Magoma, kitu kikanguruma. Sijawahi kuomba radi maishani. Siku ile niliiomba, nikimwona mwanamke nisiyemjua amelala ubavu, mkanda wa kipimo mkononi, akingoja jibu ambalo nimelifungia nje. Ikanguruma tena, kwa nguvu. Nikanong'ona, "Chomoa, mama. Usinisikilize."

Saa tisa ikapita. Taa ya zahanati ile kwenye skrini yangu ilibaki nyekundu. Fundi mkuu alivaa koti la mvua, akasema atashuka kwa miguu, ingawa sote tulijua angefika giza limeingia.

Alikuwa mlangoni taa ilipogeuka kijani. Ruta iliitika kwa anwani yake ya zamani. Dakika mbili baadaye mhudumu alinipigia kupitia mtandao huohuo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Usikasirike. Karatasi yako nimeiona, lakini radi imepiga mgomba hapo nje. Nimechomoa. Imetulia kidogo, nimerudisha."

"Vipimo?" nikauliza.

"Muuguzi anatuma sasa hivi. Mbona unahema?"

Daktari aliamua mjamzito abebwe. Wanaume wanane walimpandisha kwa machela, wakipokezana, hadi pale barabara ilipokuwa nzima. Alijifungua Lushoto, akiwa hai, na mtoto hai.

Ruta ile sikuigusa tena mpaka barabara ilipofunguka na nikaweza kukaa mbele yake. Nilimweleza mhudumu kila kitu, pamoja na maombi yangu. Hakucheka. Alibandua karatasi, akaikunja mara nne, akanitilia mfukoni mwa shati.

"Hii ukae nayo wewe," akasema.