Kofia Yangu ya Kusoma Ndoto

Nilirudi Goma na diploma ya ubunifu niliyoisomea ugenini kwa kuosha sahani. Katika maonyesho yangu niliweka kofia ya nyaya, nikatangaza kwamba inasoma ndoto na kutambua volkano kabla haijalipuka. Ilikuwa kofia tupu. Nilitaka tu watu wajadili usingizi wa mji wenye hofu.

Mama mmoja muuza samaki wa soko la Kituku aliivaa, akasinzia, akazinduka akipiga kelele: "Moto unashuka!" Ukumbi mzima ukakimbilia mpakani. Mimi nilipitia nyumbani kubeba godoro, na bado nikawatangulia.

"Nani amesema mulima unalipuka?" askari wa mpakani akauliza.

Wote wakaninyoshea kidole.

"Mashine yako inatumika namna gani, papa?"

"Haifanyi kazi," nikanong'ona. "Ni ya kufikirisha tu."

Yule mama akalitazama godoro kichwani mwangu.

"Sasa wewe unakimbia nini?"