Utani wangu msibani ulivyokimaliza chama cha akina mama

Wakuu, heshima kwenu. Waliotangulia, shikamooni. Hili ni la kweli na mkosaji ni mimi, sitamsingizia mtu.

Ilikuwa enzi za Mjerumani, huku kwetu milimani Uluguru. Akida, mtawala aliyewekwa na Mjerumani, alikuwa anawashusha wanawake wakalime pamba yake bondeni, siku nne kwa wiki. Mahindi yao yakamezwa na magugu. Mwanamume ukifungua mdomo, kiboko.

Basi akina mama wakaunda chama chao. Kiapo kikaliwa, kiongozi akachaguliwa: Bi Sikudhani, mjane, mtu wa maneno machache.

Kazi ya chama ilikuwa moja tu. Mbegu za pamba walizogawiwa walizichemsha kwanza, ndipo wakazipanda. Haikuota hata moja. Akida akalaumu udongo.

Mimi nilijua kwa sababu mke wangu alichemshia kwenye chungu chetu. Akaniambia, "Baba Kibwana, hili likitoka nje tumekwisha." Nikamwambia asiwe na shaka.

Sasa, ukoo wangu na wa Bi Sikudhani ni watani. Wenye mila mnaelewa: msibani kwa mtani wako unamwiga marehemu, unazuia maiti isitoke, unasema lolote, na hakuna wa kukukasirikia.

Akafariki dada yake Bi Sikudhani. Nikafika nimejifunga kaniki ya marehemu, watu wakacheka mpaka machozi. Sifa zikanipanda kichwani. Nikashika mwiko, nikachutama, nikaanza kukoroga.

"Msimzike kwanza, bado anapika mbegu za akida."

Wanawake wakanyamaza. Mimi mjinga nikadhani hawajasikia, nikarudia.

Pale mkekani alikuwepo karani wa akida, amekuja kutoa pole.

Siku ya tatu askari wakamchukua Bi Sikudhani, mnyororo shingoni, mpaka boma la Morogoro. Hakumtaja mwenzake hata mmoja. Hakurudi tena. Pamba ikapandwa upya askari wakiwa wamesimama, na mwaka ule tulikula mizizi ya porini.

Roho inaniuma mpaka leo.

Nilikwenda kwa binti yake kuomba radhi. Akanitandikia mkeka, akaniwekea ndizi. "Mtani, utani hauombewi radhi. Kula." Nikala.

Nilichojifunza: siri uliyopewa usiitafutie kicheko, hata pale mila inapokuruhusu.

Karibuni mchangie. Matusi pia napokea, maana kule kwetu hakuna aliyenitukana hata mmoja.