Mkono Uliosonga Ugali

Mume wangu alijifunza kusonga ugali kwa sababu bima ilikataa kuendelea kulipa. Nalisema hili mapema ili mtu asije akadhani nilimwekea kitu kwenye chakula, maana wako waliosema hivyo, na wengine wamekwenda kaburini wakiwa bado wanaamini.

Tulikuwa tunakaa Elburgon, katika laini, zile safu za nyumba za wafanyakazi wa kiwanda cha mbao. Nyumba zetu zilikuwa za mabanzi, yale maganda ya gogo yanayobaki mbao zikishapasuliwa, na baridi ya msitu wa Mau iliingia katikati ya banzi na banzi bila kubisha hodi. Sisi ni watu wa magharibi. Tuliifuata kazi kwa njia ya reli kama wengi wa kwetu, na miaka hiyo ya hamsini kazi ilikuwepo ya kutosha, kwa kuwa ilikuwa wakati wa hali ya hatari na wafanyakazi wengi walikuwa wamehamishwa. Waliobaki walifanya kazi ya watu wawili. Mimi nilikuwa bibi arusi wa juzijuzi, mimba ya kwanza ndiyo kwanza imeanza kuonekana, na mdomo wangu ulikuwa mkali kuliko sasa.

Ukikaa karibu na kiwanda cha mbao, masikio yako huzoea msumeno mpaka huusikii tena. Unausikia unaponyamaza. Ukinyamaza kabla ya saa ya chakula, wanawake wote wanatoka nje kusimama mlangoni, kila mmoja akiomba asiwe ni wake. Siku hiyo nilikuwa nafua. Niliona wanaume wanne wakija wamembeba mtu kwenye ubao, nikavitambua viatu.

Gogo lilikuwa limeteleza kutoka kwenye toroli likambana mkono wa kulia. Lori la mbao lilimpeleka hospitali Nakuru, mfupa ukaungwa, akafungwa plasta. Tulidhani shida imekwisha. Plasta ilipotolewa tukauona mkono wenyewe: umekonda, ngozi imekauka, na vidole vimenyooka tu, havikunji hata kushika kijiko. Alinitazama akacheka, lakini kile hakikuwa kicheko.

Nyapara wa kiwanda, mzee mmoja mpole aliyekuwa akivaa koti la mvua hata jua likiwaka, alikuja nyumbani kutueleza mambo ya bima. Mwenye kiwanda alikuwa amewakatia watu wake bima, kama sheria ilivyomtaka. Bima italipa hospitali. Italipa pia mazoezi ya mkono, kwa mama mmoja wa Kizungu pale Nakuru ambaye kazi yake ilikuwa kurudisha viungo vilivyokauka. Mwisho wa yote daktari ataupima mkono aseme umepoteza nguvu kiasi gani, na kile kilichopotea ndicho kitakacholipwa fidia.

"Kama mkono irudi yote, pesa ni kidogo sana," nyapara akasema. "Kama ikufe, ni pesa ya maana. Ndivyo hiyo kitu iko."

Nilimuuliza kama kuna mtu aliyewahi kuomba mkono wake ufe. Akainua kikombe akamalizia chai.

Basi tukawa tunakwenda Nakuru kwa treni, daraja la tatu, mimi na yeye. Yule mama wa mazoezi alikuwa mrefu, mikono mikubwa kuliko ya mume wangu, na Kiswahili chake kilikuwa kile cha mashambani cha Wazungu. Aliuloweka mkono katika maji ya moto, akaukausha, halafu akaanza kukunja kidole kimoja kimoja. Mume wangu, mtu aliyezoea kuinua magogo, alipiga kelele hadi watu wa nje wakachungulia.

"Pole," yule mama akasema. "Tena."

Aliona mgonjwa wake anafunga pumzi kila maumivu yanapozidi. Akamwambia, "Hapana funga pumzi. Wewe hesabu. Hesabu kwa nguvu!" Mume wangu akaanza kuhesabu kwa Kiswahili, lakini maumivu yalipokolea akarudi kwenye lugha ya mama yake, akihesabu kama mtoto anayechunga mbuzi. Mimi nilikuwa kwenye benchi nikilia na kucheka kwa pamoja. Na kila tulipokwenda vidole vilikunja zaidi kidogo. Alianza kuweza kushika kitambaa, halafu kukikamua.

Hapo ndipo bima ilipokata. Nyapara alikuja tena na koti lake. Watu wa bima walioko Nairobi walikuwa wamesema mazoezi yaliyolipiwa yametosha. Anayetaka zaidi alipe mwenyewe, na mkono utapimwa karibu na mavuno. Kwenda mara moja tu, malipo na nauli, kungekula posho yetu yote ya wiki. Na mume wangu alikuwa hafanyi kazi ya toroli tena, bali kufagia unga wa mbao kwa mkono wa kushoto.

Tulikwenda mara moja ya mwisho, kuaga. Mimi ndiye niliyesema, kwa kuwa yeye aliona haya.

"Memsabu, bima imekataa. Hatuna pesa ya kurudi."

Uso wake ukawa mwekundu mpaka shingoni. Nilidhani ametukasirikia sisi. Akatoka, tukamsikia kwenye simu akiongea kwa ukali. Aliporudi alitikisa kichwa. Akasimama akiutazama ule mkono kama mtu anayetazama shamba ambalo amelima nusu. Halafu akanigeukia mimi.

"Wewe mama, nyumbani nafanya nini na mkono?"

Nikamwambia nafua, nachota maji, napasua kuni, nasonga ugali. Akauliza kusonga ni kufanyaje. Basi nikachukua ndoo iliyokuwa pembeni, nikachukua na mpini wa ufagio, nikaiweka ndoo katikati ya miguu yangu na tumbo langu mbele, nikasonga ugali wa hewa pale hospitalini. Niligeuza, nikakandamiza, nikarudisha, nikageuza tena. Akanishika kifundo cha mkono ninaposonga, akahisi namna kinavyozunguka, akahisi vidole. Akaanza kucheka.

"Hii!" akamwambia mume wangu. "Kila siku. Kwanza uji, halafu ngumu kidogo, halafu ngumu kabisa. Mkono hii, hapana ile ingine. Na hesabu!"

Mume wangu alinitazama kama mtu aliyeuzwa sokoni. Yule mama alikataa malipo ya siku hiyo, akatusukuma nje.

Sasa ni lazima nieleze, kwa ajili ya vijana ambao wanaume wao wanakaanga mayai na hakuna anayeshangaa. Kwetu, mwanamume hakushika mwiko. Angekufa njaa na unga uko ndani, akimsubiri hata mtoto wa kike wa jirani aje amsongee. Mwanamume aliyeonekana mekoni alikuwa amelogwa au mkewe ni nuksi, na mara nyingi ilisemwa ni yote mawili.

Kwa hiyo tulifunga mlango. Lakini nyumba ya mabanzi haina siri. Siku ya kwanza alikoroga uji, jasho likimtoka, akihesabu kwa sauti kama alivyoamriwa, na haikuchukua muda watoto wa laini wakawa wamejipanga nje wanahesabu pamoja naye. Alipofika kumi walishangilia. Mama jirani, ambaye alitoka kijiji kimoja na mume wangu na kujiona mama mkwe wangu wa huku ugenini, aliingia bila kuitwa.

"Wewe msichana, umefanya nini mtoto wa watu?"

"Nimempa dawa, mama."

"Dawa gani?"

"Unga na maji."

Aliondoka akipiga makofi ya mshangao, na kufikia jioni habari ilikuwa imefika kiwandani ikiwa na miguu zaidi.

Aliyenitia wasiwasi si yeye, ila rafiki wa mume wangu. Huyu alikuwa amekatwa vidole viwili na msumeno, na fidia ilimpa baiskeli. Alikuwa mtu mzuri, mcheshi, na alipiga kengele ya baiskeli ile kwa vidole vilivyobaki ili tu watu wamtazame. Alikuja akakaa mlangoni petu.

"Shemeji, kwani wewe unataka nini? Bima inalipa mkono imekufa. Hailipi mkono inasonga ugali. Ngoja daktari apime kwanza, halafu usonge mpaka uchoke. Saa hii munatupa nyumba ya mabati."

Maneno yale yalimwingia mume wangu. Nyumba ya mabati kule kwetu ndiyo iliyokuwa ndoto yake, na mtoto alikuwa njiani. Akaacha. Siku kadhaa aliuweka mkono mapajani kama kitu cha mtu mwingine, na mimi nikaona vidole vinaanza kunyooka tena. Nilikasirika hadi nikaogopa hasira yangu. Sikumficha. Nilimwambia, "Hizo pesa zikija utazishika na nini? Na huyu mtoto utambeba na mabati?"

Kesho yake niliporudi kutoka mtoni nilimkuta ameinama kwenye sufuria, mlango wazi, anahesabu. Nilitua debe la maji taratibu nikajifanya sijaona kitu.

Kuanzia hapo ugali ulikazwa siku hadi siku. Ulikuwa mbaya, nisidanganye. Ulikuwa na madonge ndani yenye unga mkavu, na mimi nilikula wote, kwa kuwa kichefuchefu cha mimba kilikuwa kimekwisha na shukrani ilikuwa imeanza.

Siku ya kupimwa ikafika. Tukapanda treni. Tulipita Njoro, ngano imeiva pande zote mbili, yeye anatazama dirishani. Nilijua kwamba rafiki yake alikuwa amemfundisha jioni nyingi namna ya kulegeza mkono: daktari akisema shika, wewe tazama ukuta. Sikumuuliza ameamua nini. Mkono ulikuwa wake, na nilikuwa nimekwisha kusema yangu. Nilikaa kwenye benchi na kikapu changu, tumbo limenijaa, nikitazama mlango ulioandikwa kitu nisichoweza kusoma.

Alipotoka alinikaribia, akainama, akakichukua kikapu kutoka mapajani mwangu. Kwa mkono wa kulia, mbele za watu wote.

"Nilitaka kulegeza," akaniambia tukiwa tunatembea. "Kweli nilitaka. Daktari alinipa kidole chake akasema shika. Lakini alipogusa mkono wangu mdomo ukaanza kuhesabu wenyewe, na mkono ukafuata. Nilimshika mpaka akasema aaa! Akauliza nani amenifanyisha mazoezi."

"Ukamwambiaje?"

"Nikamwambia ugali."

Tulicheka mpaka nikashika ukuta. Kisha tukazunguka hadi kwenye chumba cha yule mama wa mazoezi. Mume wangu alimpa mkono wa kulia, akaushika wake na kuutikisa, hauachi, mpaka yule mama mwenyewe akaanza kusema, "Basi! Basi!" na macho yake yamejaa machozi. Sikumwona tena maishani. Namwombea hadi leo, popote alipozikwa.

Fidia ilikuja, kidogo, kwa ajili ya vidole viwili ambavyo havikukunja sawasawa tena. Ilitosha blanketi ya mtoto na mabati machache ambayo hayakufunika hata jiko. Rafiki yetu wa baiskeli alituhurumia kwa dhati. Mimi sikuona cha kuhurumiwa. Hata bima naishukuru. Ililipa mwanzo ambao sisi tusingeuweza kamwe, na ilipokataa, ilitukatalia mahali ambapo mwiko ungeweza kupokea. Mume wangu alirudi kwenye toroli kabla ya mwaka kwisha, na nyapara alimpokea kana kwamba alikuwa amekwenda likizo tu.

Mtoto alizaliwa asubuhi moja ya mvua, nyumbani, mama jirani akiwa mkunga. Nilitoka damu nyingi, nikabaki kitandani sina nguvu hata ya kugeuza kichwa. Mama jirani alisema anakwenda kwake mara moja kuniletea chakula, nisiondoke, kana kwamba ningeweza. Alipotoka mume wangu akaingia. Alimtazama mtoto, akanitazama mimi. Halafu akachochea moto, akaweka maji, akatafuta unga.

Nililala nimeupa ukuta mgongo wangu, mtoto kifuani, nikasikia mwiko ukianza kugonga sufuria. Nikangoja kumsikia akihesabu, kama siku zote. Ugali ukakaza, mwiko ukazidi kuwa mzito, na bado sikusikia kitu. Hakuwa anafanya mazoezi. Alikuwa ananipikia.