Sindano Tatu za Baba Mdogo

Baba yangu mdogo ni kinyozi, na ameshika wembe tangu mimi sijajua kufunga kamba za viatu. Ananyoa ndevu za watu wazima huku jicho moja liko kwenye mpira wa tivii, na shingo zote zinatoka salama. Damu haimtishi. Kila kichwa wembe mpya, na ule uliotumika anauvunja mbele ya mteja kama anavunja uchumba. Sasa mtu huyohuyo mwonyeshe sindano. Anakuwa kifaranga.

Hatukulijua hilo mpaka mkewe, mama mdogo, alipoenda kujitolea damu akaambiwa ana homa ya ini, ile ya B. Mwenyewe haumwi popote, na kubishana anabishana vizuri tu. Nesi akamweleza kwamba kirusi hiki kinaweza kukaa mwilini miaka na miaka bila kelele huku kinalitafuna ini polepole. Kwa hiyo awe anakuja kupimwa, pombe aipe mkono wa buriani, na zile dawa za mizizi zisizo na jina azimwage. Baba mdogo naye akapimwa kwa tone la damu ya kidoleni. Hana kitu.

"Basi wewe ni chanjo," nesi akasema. "Sindano tatu tu."

Baba mdogo akasema anatoka kidogo akaangalie gari lake. Hana gari.

Kuanzia siku hiyo akaamua kujikinga kwa akili zake mwenyewe. Akanunua sahani yake, kikombe chake na kiti chake, vyote akaviandika jina kwa rangi ya kucha ya mama mdogo. Akabandika utepe katikati ya kitanda kuwa mpaka. Mama mdogo akipiga chafya, yeye anafungua mwavuli. Humohumo ndani. Siku moja nikamkuta sebuleni anakula chini ya mwavuli, nikamuuliza kama mvua imeanza.

"Cheka tu," akasema. "Ini tumepewa mojamoja."

"Baba mdogo, haiambukizi kwa sahani wala chafya. Ni damu, ni mambo yenu ya chumbani, na mama kumpa mtoto wakati wa kuzaa. Chanjo ndiyo kinga."

"Wewe ni daktari wa kwenye simu."

"Na wewe ni mgonjwa wa kwenye mwavuli."

Mama mdogo alivumilia mpaka siku alipomkuta anapulizia spiriti ya saluni kwenye kitasa alichotoka kukishika yeye. Hakugomba. Alifungasha masufuria, akafungasha nguo, kisha akachukua kisu akakata godoro kwa kufuata ule utepe, akajitwisha nusu yake kwenda kwa dada yake.

"Mume wangu, ukimaliza chanjo nitarudi," akasema mlangoni. "Mimi si waya wa umeme."

Saluni ikaingia mkosi. Mawazo yakamzidi baba mdogo, mteja mmoja akaondoka na nyusi moja. Mwingine, mzee wa ndevu aliyekwisha sikia habari za sindano, akamtazama kwenye kioo. "Kijana, mimi nakuletea koo langu kila wiki. Nimewahi kukuuliza kama wembe unauma?"

Kesho yake nikamsindikiza kliniki. Alivaa shuka lake la kunyolea, akaomba kioo, akataka kujua kama sindano ni mpya. Nesi akaichana pakiti mbele ya macho yake. Baba mdogo akapendezwa, akaanza kumsifia kwamba angefaa saluni, na jinsi wateja siku hizi walivyo wagumu, na mwishowe akafumba macho. "Haya, anza."

"Nimeshamaliza, baba."

Jioni mama mdogo akaja na masufuria.

"Chanjo ni ngapi?" akauliza.

"Tatu."

"Umechoma ngapi?"

"Moja."

Akayapanga masufuria jikoni, akarudi kwa dada yake. Baada ya sindano ya pili akaleta nguo. Sasa kabati limejaa magauni, mwenye magauni hayupo, na baba mdogo analala kwenye nusu godoro kama nguo iliyoanikwa.

Ya tatu bado miezi. Lakini kila asubuhi, kabla ya kufungua saluni, anapita kliniki, mkono wa shati umeshakunjwa.

"Tarehe yako bado, baba," nesi anamwambia. "Mwili hauburutwi. Nenda kanyoe."

"Nesi, nisikilize," anasema. "Mke wangu yumo ndani ya hicho kichupa."