Bega la Kushoto la Pini

Ukimvika mwanamke mfupi gauni la mrefu, kisha ukakata pindo, hujamshonea kitu. Umelikata gauni miguu tu. Kiuno chake kitamwangukia nyongani, mikunjo ya kifuani itaelekea tumboni, mifuko itakaribia magoti, na mkono utapinda mahali pasipo na kiwiko. Mafundi wengi wanalijua hilo na bado wanakata pindo, kwa uvivu. Fundi ninayemweleza hapa hakuwa mvivu. Kosa lake lilikuwa jingine.

Alifanya kazi katika chumba cha mbele cha nyumba ya mama yake, akiwa na cherehani mbili, meza ya kukatia na kioo kirefu kilichoegemezwa ukutani. Alishonea wanawake wafupi peke yao. Karatasi yake ya kukatia, ile ambayo kila gauni lilianzia hapo, aliichora kwa kupima mwili wa mdogo wake, kitinda mimba waliyemwita Pini kwa udogo wake. Alimpima kutoka shingoni hadi kiunoni, kutoka begani hadi kiwikoni, hata nafasi kati ya vifungo. Pini alikuwa na bega la kushoto lililoshuka kwa vidole viwili. Karatasi ya kushonea watu wengi ilipaswa kunyooshwa mabega. Fundi hakuinyoosha, na Pini alipofariki kwa homa mwaka uleule, hakuthubutu tena kuitia mkasi.

Wateja walilalamika siku za kwanza kwamba gauni linawagandamiza kidogo upande wa kushoto. Aliwaambia watazoea, nao wakazoea. Uongo huo mdogo aliusema kwa miaka sita.

Mwaka wa sita mama yake alianza kuchelewa sokoni.

"Mama, umetoka hapa saa tatu. Sasa saa nane, na kikapu ni kitupu."

"Nilimwona Pini."

Fundi akaacha kukanyaga cherehani.

"Alikuwa mbele yangu anavuka barabara," mama akasema. "Nimemwita, hakugeuka. Si unamjua yule, akinuna haitiki."

"Mama, Pini tulimzika."

"Kwani mimi sikuwepo? Najua tulimzika. Nakwambia nimemwona."

Kesho yake alimwona mara mbili. Wiki iliyofuata alimshika mwanamke mkono kituoni, akakataa kumwachia mpaka watu wakambandua vidole. Akaacha kula nyumbani, maana saa za kula alikuwa barabarani. Jirani akamshauri fundi awe anamfungia mlango kwa kufuli. Fundi alijua akimfungia, ndiyo mwisho wa akili ya mama yake. Basi siku moja alasiri akamfuata kwa nyuma.

Mama alisimama kwenye njia panda, ofisi zilipokuwa zikifungwa. Wanawake wakatoka. Fundi akaiona ile migongo. Kiuno mahali pake, shingo fupi, bega la kushoto chini, hatua ya Pini ya kuvuta mguu kidogo. Akahesabu watano. Mmoja alikuwa mtu mzima mwenye mvi. Magauni manne aliyatambua, yalitoka mezani kwake. Kwa yule wa tano aliutafuta mshono wake begani na hakuuona. Yule alivaa sweta la dukani, na bega lilikuwa limeshuka vilevile.

Akamtambua: karani wa posta, mteja wake wa miaka minne. Akarudi nyumbani kufungua daftari la vipimo. Siku aliyopimwa mara ya kwanza, mabega ya karani yalikuwa sawasawa.

Alimwita asubuhi iliyofuata, akamsimamisha mbele ya kioo.

"Shoga, mbona unanipima kimya kimya kama maiti wa kutiwa sandukuni?" karani akacheka. "Au nimenenepa unaogopa kuniambia?"

Fundi alipima mara tatu. Vidole viwili.

"Bega lako limeshuka."

"Tangu lini?"

"Tangu nianze kukushonea. Nilikudanganya utazoea. Karatasi ninayokatia si ya mwili wako wala wa mteja yeyote. Ni ya mdogo wangu."

"Haya, mlete basi nimwone huyo mwenye bega lake."

"Amekufa."

Karani akajitazama kiooni, asicheke tena. Wakati huo mama mtu alikuwa amesimama mlangoni na kikapu chake. Aliuona mgongo tu.

"Pini," akaita.

"Abee, mama," karani akajibu.

Kisha akajiziba mdomo kwa mikono yote miwili. Jina hilo hakuwahi kuambiwa.

Fundi akaenda kwenye meza, akaichukua karatasi, akaikata kuanzia bega la kushoto hadi chini. Mkasi ukaenda upande. Mama alikuja polepole, akampita karani bila kumtazama usoni, akaokota vipande.

"Kila siku unaniambia tumemzika," akasema. "Kumbe mwenzangu hukumzika. Ulikuwa unamtuma mjini."

"Nisamehe, mama."

"Waambie wenye miili yao."

Akawaambia, mmoja mmoja, jambo ambalo alipaswa kulifanya tangu gauni la kwanza. Baadhi walimcheka. Wawili walimrushia magauni yake na hawakurudi. Kwa waliobaki alichora upya, kila mmoja karatasi yake, kwa vipimo vya siku ya kwanza vilivyokuwa daftarini. Gauni jipya la karani lilimlegea upande wa kushoto, naye fundi akakataa kulipunguza.

"Livae hivyohivyo," akamwambia. "Limenyooka. Wewe ndiye wa kulifuata."

Baada ya miezi minne bega lilikuwa limepanda kidole kimoja. Wakati wote huo mama aliendelea kwenda njia panda, akirudi mapema kidogo kila wiki, mpaka mchana mmoja akaingia na kikapu kimejaa.

"Leo sijamwona," akasema.

Fundi akampakulia chakula. Mama alikula tonge mbili, akasukuma sahani, akaanza kulia kwa sauti kama watu waliotoka makaburini sasa hivi, na mwanawe akakaa chini kando yake.