Dympna Apanda Ngazi za Mbele

Dympna Tuohy aliuza stempu katika posta ya kijiji cha Kilbrack tangu alipotoka shule, na hakuna aliyewahi kumwona amekosa la kusema. Siku alipoambiwa kachaguliwa kuonekana katika filamu, alikosa.

Watu wa televisheni walikuwa wamekuja kupiga filamu ya riwaya moja ya mabwana wa jumba kubwa, wanaocheza dansi huku paa likivuja na mashamba yakiwaponyoka. Jumba walilolichagua ni la Bi Lavinia Verschoyle, wa mwisho katika ukoo wake, aliyekuwa akiishi jikoni na mbwa wake kwa sababu vyumba vingine vilimshinda kuvipasha moto. Wanakijiji walitakiwa waujaze ukumbi wa dansi, wengine kama wageni, wengine kama watumishi. Dympna alidhani atapewa aproni, kama ya marehemu mama yake, dobi wa jumba hilo, ambaye maisha yake yote aliingilia mlango wa nyuma. Akapewa gauni la hariri ya kijani na glavu za kufika viwikoni.

"Sasa nikuite bibi mkubwa," Fintan mumewe akamtania, "au bado naweza kukuomba chai?"

"Kuomba omba tu. Kuletewa ndiko usahau."

Siku ya kupiga filamu akapanda ngazi za mbele za jumba. Mlangoni akakutana na Bi Lavinia, aproni kiunoni, uso umechangamka.

"Niliwaomba wanifanye mpishi," akamnong'oneza. "Ubwana nimeuchoka, Dympna. Nao ulinichoka zamani."

Muziki ukaanza. Dympna akazungushwa na Malachy, muuza nyama, aliyevaa koti la kijeshi na kumkanyaga bila huruma. Mara dari ikalia. Pande la plasta likaporomoka juu ya meza ya vinywaji, vumbi likatanda, watu wakatimka. Dympna naye alishageuka kukimbia alipomwona Bi Lavinia amesimama chini ya ufa wa dari na sinia yake, akitazama juu kama mtu anayeangalia mvua. Akamrukia, akamkamata kiuno, akamvuta huku wakizunguka wasianguke.

"Tupa sinia, Bi Lavinia."

"Situpi. Ya bibi yangu hii."

Pande la pili likatua pale pale walipotoka. Wakajikuta ukutani, weupe kama waliomwagiwa unga, wakacheka hadi wakaketi sakafuni. Mpiga picha hakuwa amezima kamera.

Mwaka uliofuata kijiji kizima kilisongamana katika baa ya Hanratty kuitazama filamu. Bi Lavinia alipewa kiti karibu na moto. Ilipofika dansi, wakatokea: mgeni wa hariri na mpishi, wamekumbatiana, wanazunguka ndani ya vumbi. Baa ikalipuka kwa vifijo. Malachy akalalamika kwamba yeye alionekana buti tu.

"Na hilo buti lilikuwa juu ya mguu wangu," Dympna akamjibu, machozi yakimtoka kwa kicheko.

Bi Lavinia akamshika mkono, macho yakiwa kwenye televisheni. "Nyamazeni nyie. Tunapita tena."